Dalili ya Mvua ni Mawingu: Majaribio ya Kumbukumbu na Utabiri wa Demensia Miongoni mwa Wazee

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa penye wazee haliharibiki neno. Methali hii imesimama juu ya nguzo moja isiyotajwa, nayo ni kwamba mzee anakumbuka. Neno haliharibiki kwa sababu mzee anajua mpaka wa shamba ulipopita, anajua ni mahari ya nani ambayo haijamalizika, na anajua ukame uliopita ulidumu misimu mingapi. Swali linalozuka ni hili: neno huwaje pindi kumbukumbu ya mzee huyo inapoanza kuharibika? Na je, kuna njia ya kulijua jambo hilo mapema?

Sayansi ya tiba hujibu sehemu ya pili ya swali hilo kwa majaribio ya kumbukumbu. Mzee hutajiwa orodha ya maneno, hupewa shughuli nyingine kwa dakika chache, kisha huombwa ayataje maneno yale. Idadi ya maneno anayoyakumbuka huweza kudokeza, wakati mwingine miaka mingi kabla, iwapo yumo katika hatari ya kupatwa na demensia. Makala hii inaeleza majaribio hayo hupima nini, hutabiri kwa kiasi gani, na hukosea wapi. Hoja inayoiongoza ni kwamba jaribio la kumbukumbu ni matini ya lugha kabla ya kuwa chombo cha tiba. Likiundwa kwa maneno yasiyo ya mzee anayepimwa, hupima umbali wake na shule badala ya kupima kumbukumbu yake.

Zombe, mji mdogo wa soko ulioko mashariki mwa mji wa Kitui, umeteuliwa kuwa kielelezo cha mjadala huu. Katika maeneo kama hayo wapo wazee wengi ambao hawakubahatika kuingia darasani au waliliacha mapema. Kikamba ni lugha yao ya nyumbani, Kiswahili ni lugha ya soko na safari, na Kiingereza ni lugha ya karatasi za hospitali. Mpimaji anayefika kwa mzee wa namna hiyo akiwa na jaribio lililotungwa Marekani huwa amebeba mkononi tatizo la tafsiri, ajue au asijue.

Ugonjwa na Majina Yake

Demensia si ugonjwa mmoja. Ni jina la hali ambapo kumbukumbu, fikra, lugha na uwezo wa kujihudumia hudidimia kupita kiasi cha uzee wa kawaida, hata mtu akashindwa kuendesha maisha yake ya kila siku. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikuu. Chanzo kingine ni kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, jambo linalohusiana na shinikizo la damu na kiharusi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo, dhana kwamba haya ni maradhi ya Wazungu wanaoishi sana haina mashiko.

Kiswahili hakijakosa neno kwa hali hii. Kamusi zimehifadhi kitenzi kupiswa, kwa maana ya kupungukiwa na akili kwa sababu ya uzee. Kitenzi hiki kina sura ya kutendwa: mzee hapisi, hupiswa. Sarufi yenyewe inaashiria kuwa jambo limemfika, hakulitenda. Hata hivyo, neno hilo limebeba kejeli, na si rahisi kumwambia mtu mbele ya wanawe kwamba amepiswa. Usahaulifu wa uzeeni ni istilahi ya adabu, lakini inapotosha kwa kulifanya tatizo lionekane kuwa sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Kichaa na wazimu ni maneno yanayojeruhi, tena hayatofautishi maradhi haya na mengine ya akili. Ndiyo sababu makala hii inatumia neno demensia, ambalo halina historia ya matusi.

Suala la jina si la kamusi peke yake. Utafiti uliofanywa katika Kaunti ya Makueni, jirani ya Kitui, umeonyesha kwamba baadhi ya wanajamii huihusisha hali hii na uchawi au laana. Mzee anayetoka nje usiku bila kujua aendako, anayezungumza na waliokwisha kufa, au anayekutwa katika boma la jirani pasipo sababu, huweza kupewa jina ambalo tiba yake si hospitali. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa kikatili huko Marani, Kaunti ya Kisii, kwa kushukiwa kuwa wachawi. Haidaiwi hapa kwamba wanawake hao walikuwa wagonjwa. Kinachodaiwa ni kwamba pale ambapo jamii haina jina la ugonjwa, mienendo ya ugonjwa hutafutiwa jina lingine, na jina hilo huweza kuua.

Jaribio la Kumbukumbu Hupima Nini?

Watu wa Ukambani wamezoea kuhesabu miaka kwa njaa. Njaa ya Ngomanisye ya mwaka 1897 hadi 1899 ilienea kila mahali, na jina lake linabeba maana hiyo. Njaa ya Atta ya miaka ya 1960 ilipewa jina la unga wa ngano uliogawiwa. Njaa ya Nikw'a Ngwete ya mwanzo wa miaka ya 1980 ni kilio cha mtu anayekufa na fedha zake mkononi kwa kukosa chakula cha kununua. Mzee wa Zombe mwenye umri wa miaka 80 anaweza kuisimulia Njaa ya Atta kwa undani: nani alikufa, nani alihama, unga ulipikwaje. Jamaa zake wakisikia masimulizi hayo hushusha pumzi na kusema kuwa akili yake iko timamu.

Hapo ndipo penye mtego. Kumbukumbu za zamani huwa za mwisho kupotea. Kumbukumbu hupitia hatua tatu: kusajili habari mpya, kuihifadhi, na kuirejesha inapohitajika. Ugonjwa wa Alzheimer huanza kuharibu sehemu za ndani ya ubongo zinazoshughulikia usajili na uhifadhi wa habari mpya, hususan hipokampasi na maeneo yanayoizunguka. Kwa sababu hiyo, mgonjwa wa mwanzo anaweza kusimulia ya mwaka 1961 na asijue kuwa mwanawe alimpigia simu asubuhi hiyo. Kinachostahili kupimwa basi si hazina ya kale bali ni uwezo wa kuweka kitu kipya ghalani na kukikuta baadaye.

Jaribio linalotumika sana ni la kukumbuka baada ya muda. Mpimaji husoma maneno kumi, kwa kawaida zaidi ya mara moja, kisha baada ya dakika kadhaa za shughuli nyingine humtaka mzee ayataje. Aina nyingine ya jaribio, iliyobuniwa na Herman Buschke na kuendelezwa na Ellen Grober huko New York katika miaka ya 1980, huongeza kidokezo. Mzee akishindwa kutaja zabibu, huambiwa, "Lilikuwa tunda." Iwapo kidokezo kinamsaidia, basi neno lilihifadhiwa ila njia ya kulifikia ilizibika kidogo, jambo linaloweza kusababishwa na uzee wa kawaida, uchovu au huzuni. Iwapo hata kidokezo hakimsaidii, yumkini neno halikuwahi kuingia ghalani. Tofauti hii kati ya mlango uliokwama na ghala tupu ndiyo kiini cha uwezo wa jaribio kutabiri.

Jaribio jingine ni la ufasaha wa kategoria. Mzee huombwa ataje majina ya wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataliona jaribio hili kuwa jamaa wa karibu wa michezo ya maneno ya kijadi, kwa maana linapima jinsi msamiati ulivyopangwa akilini na wepesi wa kuuchota.

Nguvu ya Utabiri

Je, matokeo ya leo yanaweza kweli kuisema kesho? Ushahidi uliopo unakubali kwa kiasi. Utafiti wa Kumar Rajan na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, uliwafuatilia wazee wa Chicago kwa kuwapima kila baada ya miaka michache. Ilibainika kuwa waliopata alama za chini katika majaribio ya kumbukumbu na fikra walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na ugonjwa wa Alzheimer, na tofauti hiyo ilianza kuonekana hata miaka 18 kabla. Mwaka 2023, Grober na wenzake walichapisha matokeo ya watu 969, wenye wastani wa umri wa miaka 69, ambao mwanzoni hawakuwa na tatizo lolote la kumbukumbu katika maisha ya kila siku. Wale ambao vidokezo havikuwasaidia sana walikuwa na uwezekano takriban maradufu wa kudhoofika akili katika miaka iliyofuata, hata baada ya umri, elimu na viashiria vya kibayolojia kuzingatiwa.

Ushahidi unaowagusa zaidi wanafunzi wa lugha ni ule wa watawa wa Marekani. David Snowdon na wenzake walisoma tawasifu fupi ambazo watawa 93 waliziandika wakiwa na umri wa wastani wa miaka 22, walipokuwa wakijiunga na utawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba wale ambao sentensi zao zilibeba mawazo machache walikuwa katika hatari kubwa ya kupatwa na Alzheimer wakiwa vikongwe, takriban miongo sita baadaye. Vilevile, mwaka 2005, Peter Garrard na wenzake waliilinganisha riwaya ya mwisho ya Iris Murdoch, iliyotoka mwaka 1995, na riwaya zake za awali. Waligundua kuwa msamiati wa riwaya hiyo ulikuwa umefifia, ilhali mwandishi hakuwa amegunduliwa kuwa mgonjwa wakati wa kuiandika. Mtindo wa lugha, ambao wahakiki huuchambua kama sanaa, uligeuka kuwa kumbukumbu ya hali ya ubongo.

Hata hivyo, utabiri huu ni wa makundi kuliko wa mtu mmoja mmoja. Miongoni mwa wanaofika kliniki wakiwa na udhaifu mdogo wa kumbukumbu, takriban 10 hadi 15 katika kila 100 hupatwa na demensia kila mwaka, ikilinganishwa na mmoja au wawili katika kila 100 ya wazee wasio na tatizo. Idadi hiyo ni kubwa, lakini ina maana pia kwamba wengi hawapatwi mwaka huo, na baadhi hurejelea hali ya kawaida kabisa. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mkulima wa Kitui anajua kuliko wengine kwamba si kila wingu hunyesha.

Maneno ya Nani?

Jaribio lililoenea kuliko yote ni lile la Marshal Folstein, Susan Folstein na Paul McHugh, lililochapishwa mwaka 1975. Lina alama 30, na kwa desturi anayepata chini ya 24 hushukiwa. Humtaka mtahiniwa ataje tarehe na majira, akumbuke maneno matatu, atoe saba mfululizo kuanzia 100 au aendeleze neno kinyumenyume, asome agizo la kufumba macho na kulitii, aandike sentensi, na anakili mchoro wa pembetano mbili zilizopishana.

Chukulia mfano wa kubuni wa bibi wa Zombe mwenye umri wa miaka 76 ambaye hakwenda shule. Anajua bei ya gorogoro ya ndengu na hakosei chenji ya noti ya shilingi mia tano, lakini kutoa saba mfululizo kutoka 100 bila kitu cha kuuza ni mchezo asioujua. Agizo la maandishi hawezi kulisoma, sentensi hawezi kuiandika, na kalamu ameishika mara chache kuliko jembe. Akiulizwa ni majira gani ya mwaka, majira ya Ulaya hayamhusu. Yeye anajua mvua ya uua ya Machi hadi Mei, mvua ya nthwa ya mwisho wa mwaka, na kiangazi kilicho katikati. Amekwisha kupoteza alama nyingi kabla hajaulizwa neno lolote la kukumbuka.

Ukweli wa jambo hili ulithibitishwa Marekani kwenyewe. Rosa Crum na wenzake walionyesha mwaka 1993 kuwa alama ya kati katika jaribio hilo ilikuwa 29 kwa watu waliosoma angalau miaka tisa, 26 kwa waliosoma miaka mitano hadi minane, na 22 tu kwa waliosoma miaka minne au pungufu. Kwa maneno mengine, mtu wa kawaida asiyesoma alikuwa tayari chini ya mstari wa kushukiwa.

Kwa upande mwingine, chukulia mwalimu mstaafu wa mji huohuo. Amezoea mitihani maisha yake yote, na anaweza kupata alama 28 hali mkewe amekwisha kugundua kuwa anauliza swali moja mara nne. Utafiti wa Hélène Amieva na wenzake nchini Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliosoma zaidi, udhaifu wa mwanzo ulianza takriban miaka 15 kabla ya demensia kutambuliwa, ilhali kwa wenye elimu ndogo ulianza takriban miaka saba kabla. Elimu humpa mtu akiba ya kujikimu nayo huku ugonjwa ukiendelea kimyakimya. Jaribio hilohilo, basi, linaweza kumtia hofu bibi mzima na kumpa faraja ya bure mwalimu mgonjwa.

Matatizo ya tafsiri huzidisha pengo hilo. Jaribio la Ziad Nasreddine la mwaka 2005 lina maneno matano ya kukumbuka katika toleo lake la kwanza la Kiingereza, na miongoni mwayo mna mahameli na ua la daisy. Mahameli ni neno zuri la ushairi, lakini si la kila siku Zombe. Ua la daisy halina jina lililozoeleka katika Kiswahili. Neno lisilofahamika halisajiliwi, na lisiposajiliwa halina budi kusahauliwa. Jaribio hilo pia humtaka mtahiniwa achore saa inayoonyesha dakika kumi baada ya saa tano. Kwa Kiingereza saa hiyo hutajwa kwa namba ya kumi na moja, mahali uliposimama mshale mfupi. Kwa Kiswahili hutajwa kuwa saa tano na dakika kumi, na mzee atakayeuelekeza mshale kwenye namba tano amefuata neno aliloambiwa. Je, apewe sifuri?

Tarakimu nazo si sawa katika lugha zote. Kati ya namba moja hadi tisa za Kiingereza, nane zina silabi moja tu. Za Kiswahili, zote tisa zina silabi mbili. Kumbukumbu ya muda mfupi hubeba kile kinachoweza kutamkwa kwa muda mfupi. Mwaka 1980, Ellis na Hennelly walionyesha kuwa Wawelshi wazungumzao lugha mbili hukumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelshi kuliko kwa Kiingereza, kwa sababu tarakimu za Kiwelshi huchukua muda mrefu kutamkwa. Kipimo cha tarakimu kilichokadiriwa kwa Kiingereza kikitumiwa kwa Kiswahili bila marekebisho, msemaji hutozwa faini kwa ajili ya fonolojia ya lugha yake.

Vipimo Vilivyozingatia Wasiosoma

Wapo watafiti walioliona tatizo hili mapema. Kathleen Hall, Hugh Hendrie na wenzao waliunda kipimo cha jamii kijulikanacho kwa kifupi kama CSI-D, kwanza miongoni mwa Wakrii wa Kanada, kisha katika utafiti uliolinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Ubora wake uko katika mambo mawili. Kwanza, hakimtaki mtu asome wala aandike. Pili, humsikiliza pia jamaa anayeishi na mzee, kwa kuuliza kama kumekuwa na mabadiliko: je, husahau alikoweka vitu, hupotea njia, hushindwa kuvaa? Kundi la watafiti liitwalo 10/66 lilikiendeleza. Jina la kundi hilo ni shtaka lililofupishwa kwa tarakimu: asilimia 66 ya wenye demensia walikuwa katika nchi zinazoendelea, lakini chini ya asilimia 10 ya utafiti ndiyo iliyowahusu.

Mwaka 2011 lilitolewa toleo fupi la kipimo hicho, linaloweza kutumiwa na mhudumu asiye daktari. Mzee huonyeshwa kiwiko akitaje, huulizwa nyundo hufanya nini, soko liko wapi, leo ni siku gani, ni majira gani, huambiwa aonyeshe kwanza dirisha kisha mlango, na hatimaye ataje maneno matatu aliyopewa mwanzoni. Swali la soko lingemfaa mzee wa Zombe barabara. Lakini hata hapa mfasiri ana kazi, kwani katika Kiingereza maneno hayo matatu ni mashua, nyumba na samaki. Nyumba haina shida. Mashua, katika nchi ambako mito hukauka na akina mama huchimba mchanga kutafuta maji, ni neno la kufikiriwa mara mbili.

Afrika Mashariki imeshiriki katika kazi hii. Kipimo cha CSI-D kimewahi kutumiwa kwa Kikikuyu huko Nyeri. Nchini Tanzania, katika Wilaya ya Hai, wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yakakadiria demensia kuwa asilimia 6.4 baada ya kusawazisha umri. Kutokana na kazi hiyo ya Hai kulizaliwa kipimo kiitwacho IDEA, kilichochapishwa mwaka 2014, chenye alama 15. Mzee huulizwa daraja ni nini, hutaja jina la kiongozi wa kijiji, hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka orodha ya maneno kumi, na mahali pa kalamu huchukuliwa na njiti za kiberiti anazozipanga kwa kufuata kielelezo. Kiberiti kimo jikoni mwa kila mtu.

Huko Makueni, watafiti wa Africa Mental Health Research and Training Foundation, taasisi iliyoanzishwa na Profesa David Ndetei, wamechunguza mitazamo ya jamii kuhusu demensia chini ya mradi wa kimataifa wa STRiDE ulioanza mwaka 2018. Aidha, wahudumu wa afya ya jamii wa kaunti hiyo wametumia toleo fupi la CSI-D kuwapima wazee vijijini. Kutoka Makueni hadi Kitui ni mwendo wa kuvuka mpaka wa kaunti. Lugha ni moja, ingawa Kikamba cha Kitui na cha upande wa Masaku hutofautiana kimatamshi na kimsamiati. Tena, tangu mwaka 2023 Kenya ina takriban wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa, vikiwemo vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Miguu ya kumfikia mzee ipo. Kinachohitaji kutengenezwa ni maneno.

Wingu Lisilonyesha

Hata kipimo kilichotafsiriwa vyema hakina budi kusomwa kwa hadhari. Chukulia wazee 1,000, na kwamba sita katika kila 100 wana demensia, kiwango kilicho karibu na cha Hai. Wagonjwa ni 60. Chukulia pia kuwa kipimo kinawanasa wagonjwa 85 katika kila 100, na kinawaacha huru wazima 85 katika kila 100. Kitawanasa wagonjwa 51 na kuwakosa tisa. Lakini kati ya wazima 940, kitawashuku 141 bure. Jumla ya walioshukiwa ni 192, na wenye ugonjwa kweli ni zaidi kidogo ya robo yao. Hesabu hii inaonyesha kwa nini alama ya chini si hukumu. Ni sababu ya kumpeleka mzee kwa uchunguzi kamili.

Uchunguzi huo una manufaa hata pale ambapo demensia haina dawa ya kuiponya. Mzee anaweza kuwa na huzuni kuu baada ya kufiwa, upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya koo, madhara ya dawa, au masikio yasiyosikia orodha aliyosomewa. Haya yana tiba. Jopo la jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba takriban asilimia 45 ya visa vya demensia duniani vinahusishwa na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, upungufu wa kusikia na kuona, upweke, na elimu duni utotoni. Jamaa wanaojua mapema huweza pia kupanga: nani atashika hati ya shamba, nani atakaa na mzee usiku, na mzee mwenyewe anataka nini angali na kauli yake. Zaidi ya yote, aila yenye jina la ugonjwa haina haja ya kutafuta jina la mchawi.

Wajibu wa Wanakiswahili

Kutokana na maelezo haya, yapo mambo ambayo idara za Kiswahili na lugha za Kiafrika zinaweza kuyachangia. Kwanza ni istilahi. Wauguzi wanahitaji maneno ya Kiswahili na ya Kikamba yanayotofautisha usahaulifu wa kawaida na demensia bila kumvunjia mzee heshima. Pili ni uteuzi wa orodha za maneno. Orodha nzuri ina maneno yanayofahamika kwa wote, yenye urefu unaokaribiana, yasiyohusiana kimaana. Kwa Kiswahili kuna sharti la ziada: yasiwe ya ngeli moja, kwa maana kiambishi kinachojirudia ni kidokezo cha siri. Tatu ni tafsiri na majaribio yake. Haitoshi kutafsiri kwenda Kikamba na kurudi. Kipimo kipimwe kwanza kwa wazee wazima wasiosoma, ili ijulikane alama ya kawaida kwao ni ipi.

Nne, na labda kubwa zaidi, ni fasihi simulizi. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alichapisha masimulizi ya Wakamba mwaka 1966 katika kitabu Akamba Stories. Kitabu hicho ni ushahidi kwamba watu ambao hawakupewa kalamu walikuwa na kumbukumbu iliyotunzwa kwa nidhamu. Watafiti wa fasihi simulizi hukaa na wazee, huwarekodi, na huwarudia mwaka baada ya mwaka. Wanaweza kusikia ngano ikipoteza tukio lake la kati, au fanani akirudia kipengele bila kukusudia, kabla ya daktari yeyote. Hawana ruhusa ya kutoa hukumu ya tiba, lakini wana wajibu wa kumwelekeza jamaa kwenye kituo cha afya kwa upole na kwa faragha.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba majaribio ya kumbukumbu yana uwezo wa kuashiria demensia miaka mingi kabla haijajitokeza, hasa yanapopima uwezo wa kuhifadhi habari mpya na yanaporudiwa baada ya muda. Imeonyesha pia kwamba uwezo huo hutegemea lugha. Bibi wa Zombe hapaswi kuitwa mgonjwa kwa sababu hajui mahameli, wala mwalimu jirani yake asiachwe kwa sababu anajua kutoa saba kutoka 100. Kila mmoja apimwe kwa maneno anayoishi nayo, asikilizwe pamoja na wanaoishi naye, na apimwe tena. Mkulima wa Kitui huyatazama mawingu, huandaa mbegu na jembe, lakini hapandi kwa wingu la siku moja. Naye mpimaji wa kumbukumbu hana budi kuwa na subira hiyohiyo mbele ya mzee, ili penye wazee neno lisiharibike kwa kosa la yule aliyekuja kulipima.